Nani Alitufunga Kasarani?

Hoja ni hii: shabiki wa Harambee Stars ana haki ya kukasirika kila mashindano yakiisha, au hasira yake imekuwa desturi tu, kama kuvaa jezi? Nimewaketisha watu wanne wa aina inayopatikana Isiolo siku yoyote ya wiki, kwenye kibanda cha chai kando ya barabara kuu, pale malori ya Moyale yanapopoza injini. Sikuwapa majina, kazi zao zinatosha. Dere huteremsha mbuzi Nairobi na kurudi kaskazini na unga na sukari. Mwalimu amestaafu, lakini kusahihisha watu hajastaafu. Kocha anafundisha watoto mtaa wa Kiwanjani bila mshahara. Mama anauza maziwa ya ngamia, na binti yake ni winga wa kushoto. Mimi nitaingilia pale uvumilivu utakaponiishia.

DERE: Nianze mimi, maana mimi ndiye niliyekula hasara ya moyo. Ijumaa, Agosti 22, 2025, robo fainali ya CHAN, Kasarani. Nimeegesha lori Archers Post nisikilize kwa utulivu, mbuzi nyuma wanalia. Dakika ya 48 Omija anapiga kichwa, goli! Nikapiga honi mpaka askari wa kizuizini akaja kuuliza kuna nini. Halafu? Dakika ya 69 tunawapa penalti, wanasawazisha. Muda wa ziada, hakuna kitu. Mikwaju, wao 4, sisi 3. Madagascar! Nyumbani kwetu! Na Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji milioni moja na nyumba ya vyumba viwili. Umewekewa nyumba nyuma ya goli, na bado unakosa?

MWALIMU: Pole, Dere. Sasa nikuulize kama nilivyokuwa nikiuliza darasani: timu yako ilifika vipi hiyo robo fainali?

DERE: Mwalimu, usianze.

MWALIMU: Naanza. Ilikuwa CHAN yetu ya kwanza kabisa. Tukawekwa kundi moja na Morocco, bingwa mara 2, na DR Congo, bingwa mara 2, pamoja na Angola na Zambia. Watu walisema tutapata alama moja, na hiyo ni tukiwa na bahati. Tukaifunga Congo 1–0. Angola 1–1. Tukaifunga Morocco 1–0 kwa bao la Ryan Ogam, kipindi kizima cha pili tukicheza watu 10 kwa sababu ya kadi nyekundu. Zambia 1–0, Ogam tena. Alama 10, juu ya kundi. Na Morocco huyo tuliyemfunga ndiye aliyebeba kombe, Agosti 30, uwanja uleule wa Kasarani. Wewe unaita hiyo aibu?

DERE: Kombe liko Nairobi au liko Rabat?

MWALIMU: Rabat.

DERE: Basi.

MWALIMU: Si basi! Mwaka 2019 tulikwenda AFCON Misri. Algeria wakatufunga 2–0, tukaifunga Tanzania 3–2, Senegal wakatufunga 3–0, tukarudi. Nchi nzima ikalia. Lakini fainali ilikuwa nani na nani? Algeria na Senegal! Tulitolewa na bingwa na makamu wake.

DERE: Hapo ndipo mnaponimaliza, Mwalimu. Miaka yote hii mnanihesabia vyeo vya waliotufunga. Mtu akikupiga ngumi, utauliza kwanza mkanda wake ni wa rangi gani? AFCON tumekwenda mara 6: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004, 2019. Tumevuka makundi mara ngapi?

MWALIMU: Hatujavuka.

DERE: Ushindi wetu wa kwanza huko ulikuja lini?

MWALIMU: 2004, Tunisia. Burkina Faso, 3–0. Ake, Oliech na Baraza.

DERE: Tulipokuwa tumeshafungwa na Mali na Senegal, tumeshapanga mizigo. Kutoka 1972 mpaka 2004, miaka 32 ya kutafuta ushindi mmoja! Nilipokuwa mdogo, baba aliniambia nisubiri. Sasa mimi nina watoto, nawaambia wasubiri. Na Novemba 2025, miezi mitatu tu baada ya CHAN mnayoisifu, Senegal wakatupiga 8–0 huko Antalya. Mnasema ilikuwa mechi ya kirafiki. Urafiki gani wa mabao manane?

Hapa niingilie, kwa sababu Dere amegusa jambo ambalo Mwalimu ataliruka. Kuna njia moja ya Kenya kusaidia nchi nyingine kuwa bingwa, nayo ni kukosa kuandaa mashindano. AFCON ya 1996 ilikuwa iwe yetu. Tukanyang'anywa, ikaenda Afrika Kusini, na Afrika Kusini wakaibeba. CHAN ya 2018 nayo ilikuwa iwe yetu. Septemba 2017 CAF wakaona viwanja haviko tayari, wakaipeleka Morocco, na Morocco wakaibeba. Hata hii ya 2025 ilipangwa Februari ikasogezwa hadi Agosti, tukimalizia kupaka rangi. Ninayasema haya si kwa kumcheka mtu. Nataka msomaji aone kwamba mechi na Madagascar haikuanzia mbele ya refa. Sasa Kocha, ambaye amekuwa akikoroga chai muda wote huo.

KOCHA: Mimi simlaumu aliyekosa penalti. Miguu ya mchezaji huwa mizito kwa mambo aliyokosa akiwa na miaka 12. Hawa Madagascar mnawadharau kwa nini? Mwaka 2019, tulipokuwa tunatolewa Misri, wao walikuwa AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wakaifunga Nigeria 2–0, wakaitoa Congo kwa mikwaju, wakafika robo fainali. Mwanzoni mwa 2023, CHAN ya Algeria, wakashika nafasi ya tatu. 2025 wakafika fainali na kuwafunga Morocco mabao mawili kabla ya kushindwa 3–2. Hiyo ni timu inayopanda ngazi. Sasa wakati wao wanapanda, sisi tulikuwa wapi?

DERE: Tulikuwa hapa.

KOCHA: Tulikuwa tumefungiwa! Novemba 2021 serikali ikavunja uongozi wa shirikisho la soka, FKF, FIFA wakasema hiyo ni kuingilia, na Februari 2022 wakatufungia hadi Novemba. Tukaondolewa kwenye mechi za kufuzu AFCON ya 2023 bila kugusa mpira. Mimi nilikuwa na kijana hapa, ana umri wa miaka 16, mguu wa kushoto kama mjeledi. Alikuwa anaamini kuna mlango mahali fulani. Mwaka ule akaona hakuna mlango. Leo anaendesha bodaboda. Anaendesha vizuri, simkosoi.

MWALIMU: Mwaka mmoja wa kufungiwa hauui mpira wa nchi nzima.

KOCHA: Mmoja hauui. Lakini hesabu. Mwaka 2013 serikali mpya ya Jubilee iliingia na ahadi ya viwanja vitano vya kimataifa, kimoja Garissa, angalau huku upande wetu. Miaka 11 baadaye, 2024, mechi zetu za nyumbani za kufuzu AFCON na Zimbabwe na Cameroon tulichezea Kampala. Kampala! Mwenyeji anapanda basi kwenda kuwa mwenyeji kwa jirani. Desemba 2025 ikafika, Uganda wapo AFCON Morocco, Tanzania wapo, na Tanzania wakavuka makundi kwa mara ya kwanza. Sisi tulikuwa tunatazama televisheni na kuchambua makosa yao.

DERE: Na tulichambua vizuri.

KOCHA: Sana.

Niseme upande wangu ulipoegemea kufikia hapa. Mwalimu ana takwimu, Dere ana kidonda, na nilikuwa nikielekea kwa Kocha, kwa sababu anaeleza ugonjwa badala ya kuhesabu mazishi. Lakini maelezo ya Kocha yana raha yake ya siri: yanamwacha kila mtu nyumbani bila hatia. Viwanja ni serikali, kufungiwa ni FIFA, kuchelewa ni wanasiasa. Shabiki amekaa tu anaonewa. Aliyeliona hilo kabla yangu ni Mama.

MAMA: Dere, mwanangu, nikuulize kitu. Ile Ijumaa, ulibeti?

DERE: Mama, hayo yameingiaje?

MAMA: Nimeuliza tu.

DERE: Kidogo.

MAMA: Uliweka nini?

DERE: Sare. Ndani ya dakika 90.

MAMA: Na zikaisha 1–1.

DERE: Ni biashara, Mama! Moyo uko Kenya, mfuko uko na akili zake.

MAMA: Kwa hiyo hasara yako ya moyo ililipwa kwa simu usiku uleule.

MWALIMU: Msimwonee. Tena kuna jambo la ajabu hapo. Kodi za kamari ndizo zinazoingia kwenye Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na mfuko huo ndio unaogharamia timu za taifa. Dere akibeti kwamba Kenya haitashinda, kodi yake inamnunulia mchezaji wa Kenya tikiti ya ndege.

DERE: Mmesikia? Mimi ni mfadhili.

MAMA: Wewe ni mfadhili, sawa. Sasa mfadhili, nitajie timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda kucheza Kombe la Dunia la FIFA.

DERE: Hakuna. Hatujawahi.

MAMA: Tumewahi. Wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, Oktoba 2024, Jamhuri ya Dominika. Waliwafunga Mexico. Siku ile nilitembea mji huu mzima na mtungi wangu wa maziwa, sikusikia honi hata moja. Ya Archers Post ndiyo kabisa. Binti yangu aliangalia mechi kwenye simu ya jirani yenye kioo kilichopasuka, akaniambia, "Mama, wale ni kama mimi." Nyinyi mnalia miaka 50 mkisubiri mtu apite mlango huo. Watoto wamepita, na hamkugeuka hata kuangalia.

KOCHA: Hapo Mama umesema.

MAMA: Sijamaliza. Mnasema "sisi". Sisi tulifungwa, sisi tulifungiwa. Hiyo timu imeundwa na nani? Nionyesheni aliyekuja huku kuangalia mtoto wa Kula Mawe akicheza, au wa Bula Pesa, au wa Ngaremara. Sisemi hawana haki ya kuvaa jezi. Nasema mimi naombwa machozi tu, mchezaji siombwi.

KOCHA: Mama, wageni huja.

MAMA: Huja na nini?

KOCHA: Fulana.

MAMA: Zimeandikwa nini?

KOCHA: Amani.

Walicheka wote, na Kocha ndiye aliyecheka zaidi. Lakini hili si la kucheka na kuacha, na ndilo lililonifanya niandike mjadala huu kutoka Isiolo badala ya Kisumu au Kakamega. Huku kwetu mpira umetumwa kazi zote isipokuwa kufunga mabao. Katika mji huu wanaishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na kila mifugo inapoibwa na watu kupoteza maisha, mtu hukumbuka kwamba watoto wa makabila yote hupenda mpira. Ni wazo jema, na limezaa matunda ya kweli. Kule Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, akawachanganya vijana wa jamii zilizokuwa zikiuana katika timu moja, kisha akawaingiza wasichana, katika mji ambao mzazi akimwona binti yake na kaptula ya mpira alikuwa anaona fedheha. Anayeibeza kazi hiyo hajui bei ya bunduki.

Ila kuna gharama iliyojificha, nayo hatuisemi kwa adabu. Mpira ukishaitwa dawa ya vita, mtoto mwenye kipaji anageuka mgonjwa aliyepona. Anapigwa picha, anakumbatiana na wa kabila lile jingine, anapewa soda, mradi unaisha. Hakuna anayeuliza kama krosi yake ilifika. Mtoto wa Nairobi au wa Kakamega akicheza vizuri anaambiwa atafika mbali. Wa Isiolo akicheza vizuri anaambiwa ameishi vizuri na jirani.

KOCHA: Fulana za amani ninazo maboksi mawili. Nimewahi kucheza mechi ambayo timu zote mbili zimevaa amani, refa amevaa amani, tukashindwa kujua nani apasiwe.

MWALIMU: Lakini Kocha, tusimtupie shirikisho la Nairobi kila kitu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Ni mzigo wa gavana na bunge la kaunti. Tangu 2013 tuna serikali yetu hapa, tukitaka kuuliza tunakwenda kwa miguu. Mimi ninajiuliza: ni nani kati yetu aliyewahi kwenda kwenye kikao cha maoni ya bajeti akauliza ligi ya vijana imetengewa shilingi ngapi?

DERE: Mimi siku za vikao niko njiani.

MWALIMU: Mimi nilikwenda. Niliuliza kuhusu maji.

MAMA: Mimi kuhusu maji pia.

MWALIMU: Umeona sasa. Na kuuliza maji kwanza si kosa.

DERE: Sikilizeni, mmenigeuza mshtakiwa. Nilikuja hapa kulalamika. Shabiki kazi yake ni nini? Mimi sikuwahi kuomba kujenga timu. Nikinunua unga ukiwa na wadudu, simwambii mwenye duka tushirikiane kulima mahindi. Nataka unga safi. Nimelipa kodi, nimelipa data ya simu, nimebeti, haya, na hiyo mmeihesabu. Kwa nini mwenye uchungu ndiye anayepewa kazi?

Swali hilo la Dere sikulipatia jibu la haraka, na simwamini mwenye nalo. Ana haki. Shabiki wa Ufaransa hajengi akademia, analipa tikiti na kuzomea. Tofauti ni kwamba Mfaransa akizomea, sauti yake inafikia mtu anayeweza kupoteza kazi. Dere akizomea Archers Post, anayesikia ni mbuzi. Hasira yake ina msimu kama mvua za huku: inanyesha siku tatu kwa kishindo, inabeba daraja, kisha tunakaa kwenye vumbi mpaka mashindano mengine. Wenye timu wameusoma msimu huo vizuri. Wanajua wakinyamaza wiki moja, ligi ya Uingereza imeanza na Dere amerudi kugombania Arsenal. Sidhani wanaogopa hasira ya siku tatu. Wangeogopa hasira ndogo, ya kila mwezi, inayojua jina la afisa na tarehe ya kikao.

MWALIMU: Na 2027 inakuja. AFCON ni yetu, pamoja na Uganda na Tanzania. Uwanja wa Talanta unajengwa Nairobi, wa watu 60,000.

DERE: Wa kulilia ndani.

MWALIMU: Unaona? Bado hujafungwa, umeshalia.

KOCHA: Mimi 2027 sina la kusema. Watoto wangu ni wa 2035. Tena Dere, nimekumbuka. Ukipanda kwenda Moyale wiki ijayo, lori lina nafasi?

DERE: Nafasi ya nini?

KOCHA: Kuna mechi Marsabit. Timu ya huko imetualika, na matatu siwezi kulipia.

DERE: Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, Kocha. Nyuma nina unga.

KOCHA: Watakaa juu ya unga.

MWALIMU: Trafiki watakushika, Dere, hilo ni kosa. Watoto hawasafirishwi kama magunia.

DERE: Umesikia Mwalimu. Sheria.

MAMA: Ndugu yako ana pikapu yenye viti, ile ya kubebea harusi. Ongea naye wewe, maana mimi nikiongea naye anaona namdai maziwa.

DERE: Atataka pesa ya mafuta.

KOCHA: Shilingi ngapi?

DERE: Subiri, watoto wangapi?

KOCHA: 16 na kipa wa akiba.

MAMA: Na wasichana 11.

KOCHA: Mama, mwaliko ni wa wavulana.

MAMA: Basi piga simu Marsabit uwaambie wajiandae mara mbili. Wale ndio wameanza kuchezesha wasichana kabla yetu, hawatashangaa.

DERE: Watu 28 hawaingii kwenye pikapu moja. Hizo ni safari mbili. Mafuta mara mbili. Nani analipa?

MAMA: Sare ya Madagascar ilikulipa shilingi ngapi?

DERE: Mama, hizo nilishakula.

MAMA: Zote?

DERE: Zilibaki kidogo.